Itifaki Zote Zikiwa Zimezingatiwa

Jumatatu, 3 Machi
Nimejiandikisha kwa mtihani wa Kiingereza. Alama zikitosha, nitaungana na mke wangu Waithira na binti yetu Becky huko Kanada kabla theluji haijarudi. Zisipotosha, nitabaki hapa kijijini Witeithie na kuku. Sina wasiwasi. Aliyesherehesha harusi na mazishi kutoka hapa hadi Murera hafundishwi kushawishi watu. Hata hivyo, nimeingia darasa la Mwalimu Akoth, Ruiru, ili kuthibitisha kwamba silihitaji.

Jumatano, 5 Machi
Nimethibitisha. Zoezi la leo: kampuni yawauliza wafanyakazi ijenge kantini au chumba cha mazoezi. Uchague kimoja, ukitetee. Basi! Kaleli, karani wa kiwanda kimoja Thika, aliandika kwamba anataka kantini kwa kuwa amechoka kula githeri baridi akiwa amesimama. Akasifiwa. Githeri, katika hoja!

Mimi nilianza ipasavyo. Nilimshukuru Mungu kwa kutukutanisha, nikamtambua meneja, nikawatambua wakuu wa idara kwa vyeo vyao, nikamwomba radhi yeyote niliyemsahau. Mwalimu Akoth alisoma hadi mwisho, akauliza, "Sasa wewe, Zacharia, unataka nini?" Nikamfahamisha kwamba nafasi haikuniruhusu kufika huko. Kaleli akaangua kicheko: "Mzee, hii si harambee! Wacha kutusalimia, sema maneno!"

Kicheko cha mtu ambaye hajawahi kukabidhiwa maikrofoni.

Ijumaa, 7 Machi
Waithira amepiga simu. Ananisihi nijibu swali tu, kwani mtihanini maneno yana kikomo. Kumbe mwaka mmoja ugenini hutosha kumwondolea mtu adabu. Sikubishana naye, maana nina mkakati: nimebuni utangulizi mmoja unaolifaa kila swali duniani, nami nimeukariri wote kwa Kiingereza. Nimewasomea kuku. Walisikiliza kwa heshima ambayo Kaleli hana.

Jumamosi, 8 Machi
Mtihani. Swali la kitoto: uwanja wa mtaa ugeuzwe bustani au maegesho ya magari? Nilishikilia bustani kwa dhati, moyoni. Vidole vikatiririka. Mungu, wasimamizi, wakazi wa mtaa, viongozi wa mtaa, wageni waalikwa. Kando yangu Kaleli aligongagonga kompyuta kama anayevunja kuni. Nilipofika kwenye "bila kupoteza wakati," muda ukaisha na ukurasa ukajifunga.

Ustaarabu wa mashine!

Jumatano, 19 Machi
Matokeo. Kaleli amepita. Mimi sehemu ya kuandika imeanguka, na kwa hiyo safari nayo. Mwalimu Akoth anasema msahihishaji hakupata maoni yoyote ya kusahihisha. Kaleli akanipigia simu, kwa huruma ya kuudhi: "Pole, mzee wangu. Siku ingine uanzie jibu. Salamu utatuma na simu."

Nimelichambua kosa kwa utulivu na nimelipata. Niliwatambua wote isipokuwa msahihishaji mwenyewe. Ni nani asingekasirika?

Alhamisi, 20 Machi
Asubuhi huku, usiku kwao. Safari hii Waithira alimpa Becky simu. Mtoto hakusalimu hata kidogo. "Baba, unataka kuja huku ama hutaki?"

Hakuna ninachokitaka zaidi duniani. Ndiyo maana jibu lilistahili kujengwa vizuri. Nikamshukuru Mungu kwa teknolojia. Nikamtambua mama yake, nikamtambua nyanya yake wa Murera, nikawatambua walimu wake wa shule ya Jumapili, wa huku na wa huko. Nilikuwa naingia kwa majirani niliposikia sauti ya Waithira.

"Baba Becky, mtoto amelala."

Watoto wa ng'ambo hawana subira. Nimejiandikisha upya kwa mtihani. Mara hii nitamtambua msahihishaji mwanzoni kabisa, mara tu baada ya sala.