Moshi wa Tanuru Umepotea, Naomba Urudishwe

Sumbawanga, 14 Julai 2025. Leo ni miezi minane na siku tatu tangu nitoke kijijini kwetu Mwazye.

Ndugu Bwana Afya,

Shikamoo. Mimi ni Nestory, mchoma taka wa kituo chetu cha afya. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo nisamehe nikisema wazi: moshi wa tanuru umepotea, na mhalifu ni mimi.

Uhalifu huo niliuanza Machi. Maganda na ugali uliobaki wodini niliacha kuvichoma, nikavifukia kwenye matuta vioze, kama tunavyofukia nyasi kwetu Mwazye. Chupa za plastiki nikazitenga. Taka nyingine nikazichoma zikiwa kavu, tanuru likishakuwa jekundu kwa kuni. Madhara yake ni haya:

1. Msimamizi wangu, Bwana Yusto, hukagua kazi kwa kutazama bomba la tanuru kupitia dirisha la ofisi. Asipoona moshi anasema, "Nestory kalala tena huyo!" na kuniandika mtoro. Nimekuwa mtoro siku kumi na moja, koleo likiwa mkononi.

2. Mama Otilia, mfuaji wetu, alizoea kufua shuka mara mbili, kwanza kwa sabuni, kisha kwa hasira. Sasa anafua mara moja na zinakauka nyeupe. Hasira hana pa kuipeleka.

3. Kikohozi changu kiliondoka bila kuaga. Mke wangu Evodia alikuwa akikisikia kwenye simu anajua niko kazini. Siku hizi ananiuliza, "Baba Silvana, kwani wamekufukuza?"

Kwa hiyo naomba taka zote zichomwe mbichi, pamoja na plastiki. Isipotosha, ziongezwe tairi. Bomba nalo lipindwe liingie dirishani kwa Bwana Yusto, asichoke kunyoosha shingo. Moshi utakaobaki uletwe ofisini kwako Katandala, uone mwenyewe jinsi watu wa afya tunavyojituma.

Wasalimie wote ofisini, ukianza na wenye pumu.

Ni mimi, mtoro wako mtiifu,
Nestory

N.B. Usikubali hata ombi moja. Jana Bwana Yusto alinisimamia nikachoma maganda mabichi na chupa. Moshi ulipanda vizuri, akanisifu kwa mara ya kwanza, kisha akafunga dirisha. Mimi kule kwenye tanuru sina dirisha. Leo nakohoa tena, kila mstari napumzika. Niandikie karatasi moja tu, kwamba mchomaji asiye na moshi yupo kazini. Nikiipata, Novemba mvua zikianza nitakuwa Mwazye nikibomoa matuta yaliyooza nipande ulezi, na kifua changu nitarudi nacho.