Ndege ya Saa Tano

Jumatano, 6 Machi

Mama mkwe anarudi Jumamosi. Kapasuliwa jicho ng'ambo. Shemeji, kaka wa mke wangu, anauza tiketi za ndege, basi anajiona rubani. Kasema ndege itaondoka huko saa mbili asubuhi na kutua hapa saa tano. Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Kilomita elfu saba na mia mbili kwa saa tatu! Ni ndege au risasi? Nikamkumbusha nani mwalimu wa jiografia humu ndani. Nikapiga hesabu mbele ya wote: kilomita mia tisa kwa saa, safari ya saa nane, kutua saa kumi jioni. Tiketi iliyobandikwa kwenye friji nikaisahihisha kwa kalamu nyekundu. Shemeji akasema basi nikampokee mwenyewe. Ushindi!

Ijumaa, 8 Machi

Mke wangu kauliza kama nina hakika, maana mama yake ana jicho moja na hawezi kusoma simu. Nikamwambia hesabu haina undugu. Nimenunua maua. Shemeji hajawahi kununua maua.

Jumamosi, 9 Machi

Niliingia uwanjani saa tisa na nusu, kifua mbele. Mama mkwe alikuwa kwenye benchi karibu na choo, bandeji jichoni, mkoba kaukumbatia. Tangu saa tano asubuhi! Mfagizi ndiye aliyemshika mkono na kumletea maji. Akaniuliza taratibu mimi ni mtoto wa namna gani. Mama mkwe akanipapasa mkono, kuhakikisha ni mimi.

"Nilidhani umepata ajali, mwanangu," akasema. "Nimeshinda nakuombea."

Nikasema foleni. Barabara ilikuwa nyeupe, bila gari. Maua nikamwachia mfagizi.

Jumapili, 10 Machi

Huko saa zao zimetutangulia kwa saa tano: saa mbili asubuhi yao ni saa tisa usiku kwetu. Nalifundisha hilo kila mwaka, kwa chungwa na tochi! Shemeji hakunicheka. Afadhali angecheka. Mama mkwe akawaambia wote wasinisumbue, mwalimu alizuiwa na foleni. Kutetewa kwa uongo wangu mwenyewe! Nilikula jikoni, nimesimama.

Alasiri nikamwendea, nikaungama.

"Nilijua," akasema. "Foleni ya muda wa saa nne na nusu, mtu hushuka akatembea."

Nilitamani ardhi ipasuke.

Jumatano, 13 Machi

Nimeapa kuachana na mambo ya ndege. Ila kuna hili. Mama mkwe anasema kwenda ndege ilitumia saa saba, kurudi saa nane. Umbali ni ule ule! Shemeji kasema ni upepo wa huko juu: kwenda unaisukuma ndege, kurudi unaikabili. Upepo! Kwani ndege ni tiara ya watoto? Ni wazi rubani alipotea njia. Nimeliandikia shirika la ndege barua ya kurasa nne, na ramani ya kuwaelekeza. Nimesaini: Mwalimu wa Jiografia. Nakala kwa mkuu wa shule.