Utawala Wangu wa Waifai

Jumatatu, 4 Machi
Ushindi! Ruta ya waifai ya jengo letu imewekwa sebuleni kwangu, juu ya kabati la vyombo. Wapangaji wote tunaichangia sawasawa, ila mlinzi wake ni mimi, kwa kuwa ni fundi wa pasi na feni na eti naelewa umeme. Jioni nikapekua mipangilio yake. Kumbe naweza kuamua kipi kipite mbio na kipi kijikokote! Nikacheka peke yangu. Mtu mzima mimi!

Jumanne, 5 Machi
Nimeanza na Kinyozi wa chini. Video zake za kunyoa zina watazamaji elfu tatu. Zangu za kufungua pasi zina kumi na mmoja, na wawili kati yao ni mimi. Haki iko wapi? Tovuti ndogo ninakoweka video zangu nimeipa njia ya haraka. Video nyingine zote, za yeyote yule, zitambae. Kufikia saa kumi, mtazamaji wa kumi na mbili! Ni shangazi yangu, fundi cherehani wa mlango wa pili. Amekiri ameitazama nzima kwa sababu hakuna kingine kilichofunguka. Pasi haimhusu, alisema, ila ilikuwa afadhali kuliko kukodolea macho kale kaduara kanakozunguka. Sifa ni sifa.

Jumatano, 6 Machi
Malalamiko, lakini si kwangu! Kila mtu anailaumu simu yake. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya juu ameizima na kuiwasha yake mara tisa. Kinyozi ameniomba ushauri. Mimi! Nikamwambia avute subira. Nikahisi kitu kifuani. Huenda ni aibu. Nikanywa maji, kikashuka. Nimebadilisha nywila ya ruta, wasije wakaniingilia.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Nilisahau kabisa. Mke wangu, mwalimu wa chekechea mwaka wa kumi na nne huu, leo alikuwa na usaili wa ukuu wa shule, kwa video. Saa nne kamili akaketi, kilemba kipya, mgongo umenyooka. Saa nne na dakika mbili picha ikaganda, mdomo wazi, jicho moja limefumba. Nikairukia ruta. Nywila mpya imenitoka kichwani! Akaniangalia nikihangaika, kisha akatoka mbio na simu mkononi.

Nilimkuta kwa Kinyozi. Alikuwa amemkalisha kwenye kiti cha kunyolea, amemrushia bando lake mwenyewe, na kuwatoa wateja wote nje, mmoja akiwa amenyolewa nusu kichwa. "Shemeji, ongea taratibu, wanakusikia vizuri," alimnong'oneza. Nikabaki nimesimama mlangoni na yule nusu kichwa.

Ijumaa, 8 Machi
Ameipata kazi! Tumekumbatiana mpaka chai ikapoa. Kisha akaniuliza, kwa ule upole anaowaulizia watoto nani kamwaga rangi, kwa nini yake iliganda wakati video zangu za pasi zilikuwa zinateleza. Nikasema yote.

Jumamosi, 9 Machi
Kikao cha wapangaji ngazini. Mke wangu akanisimamia, kwa kiasi fulani. "Kazi yako ilikuwa kuiwasha tu," akasema. "Nani atazame nini, hilo halikuhusu." Shangazi ndiye aliyenimaliza. "Mwanangu, nilidhani simu yangu imezeeka. Nilikuwa njiani kuitupa. Ningejuaje kuwa ni wewe?" Nikainamisha kichwa. Kinyozi yeye alicheka mpaka akakaa chini, akasema video zangu si mbaya, tatizo naongea sana. Ruta imefutwa mipangilio yote, pamoja na nywila niliyoisahau, na kuhamia kwa Shangazi. Kila kitu kinapita sawa, cha kila mtu.

Jumapili, 10 Machi
Wamenihurumia. Wamenikabidhi ufunguo wa paa, tunakoanika nguo. Wema ulioje! Nimepanda kukagua. Kamba tano. Tatu zinapigwa jua kutwa, mbili ziko nyuma ya tangi la maji, kivulini. Nikakaa. Nikatoa penseli. Jua: mke wangu, Shangazi, na maovaroli yangu. Kinyozi ana taulo arobaini, atamaliza jua lote. Aende nyuma ya tangi. Ila Alhamisi nitamwachia kamba moja ya juani. Mimi si mtu wa kusahau fadhila.