Vumbi Ni Mali ya Ofisi

Idara ya Majengo ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba hakuna mfanyakazi wake hata mmoja atakayedhurika na vumbi la asbesto. Tangazo lilichapwa kwenye bango la kitambaa refu kama lori, likatundikwa juu ya geti: USALAMA WAKO NDIO FAHARI YETU. Mafundi wakapita chini yake, wakaenda kulivunja paa kuukuu la asbesto kwa nyundo, pua wazi, kwani Kamati ya Barakoa ilikuwa bado inajadili rangi.

Kesho yake mke wa fundi mmoja alifika ofisini kwa Mkurugenzi na ovaroli ya mumewe ndani ya mfuko uliofungwa mafundo mawili. Baba mzazi wa mwanamke huyo alivunja mapaa ya namna hiyo ujanani. Uzeeni akawa hamalizi sentensi bila kupumzika. Lakini aliyetangulia kaburini alikuwa mama yake, ambaye hakupanda ngazi maishani mwake. Yeye alikung'uta nguo tu. Na sasa nyumbani kulikuwa na kitoto kinachotambaa, ambacho kikimwona baba yake anaingia kilikuwa kinatambaa mbio kumng'ang'ania magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umebeba nini?"

"Vumbi lenu. Limekuja kwangu na mume wangu. Naomba nguo za kazi zifuliwe hapahapa, mafundi walowanishe paa kabla ya kulivunja, na wapewe barakoa."

Mkurugenzi alikunja uso. "Vumbi la hapa? Limetokaje getini?"

"Limevaliwa, mzee."

Kiongozi makini haamini maneno matupu. Akafungua mfuko ili ahakiki.

"Mzee, usiikung'..."

Mkurugenzi akaikung'uta ovaroli pwa! mbele ya kiyoyozi. Mke wa fundi alikuwa keshafika mlangoni, kitambaa puani.

Hapo ndipo akili ya uongozi ilipoonekana. Paa ni mali ya ofisi. Vumbi limetoka kwenye paa. Kwa hiyo mafundi walikuwa wanaondoka na mali ya ofisi kila jioni, mabegani, bila kibali. Waraka ukatoka kabla chai haijapoa: ni marufuku kwa mtu yeyote, bila kujali cheo, kutoka getini akiwa na vumbi la asbesto kwenye nguo. Hayo maneno "bila kujali cheo" aliyaongeza Mkurugenzi mwenyewe, maana yalikaa vizuri mdomoni.

Mke wa fundi akashukuru. Alitaka vumbi lisifike kwake. Wakiliita mali, wakiliita mgeni rasmi, shauri yao.

Jioni alisimama getini na nguo safi za mumewe. Mlinzi alikuwa ameshawapanga mafundi mstari.

"Haya, kung'uteni!"

"Shemeji, wee!" akadakia mke wa fundi. "Wakikung'uta hapa, nusu utaimeza wewe. Hujui hiyo ni kula mali ya ofisi?"

Mlinzi akafunga mdomo upesi. Watu walikuwa wamefukuzwa kwa kula kidogo kuliko hapo. Akaleta ndoo ya maji, ovaroli zikaloweshwa, zikavuliwa taratibu na kufungwa mifukoni.

Ndipo gari la Mkurugenzi lilipofika, kioo kikashushwa.

"Fungua."

Mlinzi akainama, akachungulia. "Mzee, begani."

"Begani kuna nini?"

"Mali."

"We bwana! Waraka nimeuandika mimi!"

"Na umeuandika ukaandikika, mzee. Pale penye 'bila kujali cheo' nimepasoma mara mbili." Akasogeza ndoo. "Koti tafadhali. Usilikung'ute. Eeh, na suruali nayo imo."

Mafundi wakaanza kutazama mawingu, ambayo hayakuwepo. Mkurugenzi akamgeukia mke wa fundi.

"Mama, huna nguo ya ziada?"

"Nimeleta za mtu mmoja, mzee. Wewe hukuniagiza."

Macho ya Mkurugenzi yakapanda juu taratibu, mpaka kwenye bango. Mlinzi akaenda kuchukua ngazi. Kiongozi aliondoka amejiviringisha kitambaa hicho kuanzia kifuani, na alipogeuka kuingia garini, nyuma palisomeka FAHARI YETU.

Asubuhi barakoa zilikuwa getini, rangi ya kwanza iliyopatikana. Mpira wa maji ulifika mpaka juu ya paa, na stoo ya viti vibovu ikawa chumba cha kuogea na kufulia. Kamati ilipongezwa kwa kasi yake. Jioni ile fundi aliingia kwake na nguo safi, kitoto kikaja mbio kumshika magoti, na mkewe hakukivuta nyuma.

Bango tu ndilo halikurudi getini. Ofisi ya Mkurugenzi imetoa taarifa kwamba linafuliwa.