Betri Mbili za Gari-Nyumba

Jumatatu, 1 Julai 1996

Nimeamua kuandika kila siku, ili nikitajirika watu wasiseme nilibahatisha.

Gari-nyumba sasa ni langu, karatasi ninazo. Wale Wazungu wawili wazee waliokuwa wakielekea Zambia walichoshwa na barabara yetu, wakaniuzia, wakapanda basi. Ndani kuna kitanda, sinki, jiko na friji. Friji ndiyo mali yenyewe. Tatizo ni dogo. Betri mbili zilizo chini ya kitanda, zinazoendesha friji na taa, zimekufa. Ya injini, iliyo mbele, ni nzima.

Mpango: kushuka Muze, kule bondeni kwenye joto, ambako hakuna umeme, na kuuza soda baridi. Tayari nina kazi ya kwanza. Mzee Bundala, mfugaji wa Kisukuma, anamwoza binti yake Debora Jumamosi ya tarehe 20. Anataka wakwe wanywe soda baridi, kisha bibi harusi apelekwe kwa mumewe ndani ya gari hili. Akiridhika, atanipa mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Mke wangu Violeth, ambaye ni muuguzi, alisikiliza mpango wote akiwa anapasi sare yake. Akasema nikumbuke kwamba Mzee Bundala hanijui mimi. Anamjua yeye, kwa sababu ndiye aliyemhudumia mkewe alipoumwa. Nikimwaibisha yule mzee, nimemwaibisha yeye.

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Akasema hana wasiwasi, ana mazoea.

Jumatano, 3 Julai

Nimekwenda kwa Romani, fundi umeme wa magari. Mzee mpole, Mfipa, mwenye kueleza jambo mpaka likuchoshe. Anasema betri ya kuwashia gari haifai kwa friji. Ile inatoa nguvu nyingi kwa mara moja, halafu inapumzika. Friji inataka betri ya kutoa kidogokidogo kutwa nzima, yenye sahani nene ndani, kama zile za umeme wa jua. Zote mbili ziwe za aina moja na umri mmoja. Na kabla ya kununua, zipimwe asidi.

Akasema pia nifunge swichi ya kuzitenga na betri ya injini. Bila hiyo, friji itanyonya mpaka ya injini. Nimemwambia swichi tutaiona baadaye. Mafundi wote wana tabia ya kuongeza vitu.

Anasema zinazonifaa zipo hapa hapa mjini Sumbawanga. Misheni wamefunga betri kubwa zaidi, na Bruda Rafaeli wa karakana anauza mbili za zamani, bado nzima.

Nimekwenda. Ni kweli. Nzito, safi, zimeandikwa tarehe. Bei si mbaya. Ila Bruda aliniambia kuna mwingine aliyeziulizia asubuhi. Sebastiani.

Sebastiani ana duka karibu na soko, pikapu, na kicheko nisichokipenda. Anazitakia nini? Bila shaka ameusikia mpango wangu.

Ijumaa, 5 Julai

Nimepata njia ya kumwondoa Sebastiani. Nimekunywa chai stendi kwa Fortunata, muuza vitumbua. Ukimwambia Fortunata jambo asubuhi, jioni limefika Laela. Nimemnong'oneza kwamba betri za misheni zimeoza ndani, moja inakaribia kulipuka. Nikamwomba asimwambie mtu.

Sasa nasubiri. Sebastiani ataogopa, Bruda atashusha bei, nami nitapita taratibu kama mtu asiye na haraka. Violeth ameniuliza mbona natabasamu peke yangu. Nimesema ni hali ya hewa. Akachungulia nje. Upepo ulikuwa unatetemesha mabati.

Jumatano, 10 Julai

Bahati kubwa leo. Nimeokoka.

Nilikuwa stendi, nikakutana na mfanyabiashara wa dagaa kutoka Kirando. Mtu mzima, mwenye miwani. Katika mazungumzo akaniuliza kama nimesikia habari za betri za misheni. Anasema moja ililipuka mbele ya mlinzi. Ikamuunguza nyusi zote mbili. Koti la Bruda likatoboka matundu kama chujio.

Nilikuwa nimepanga kwenda kuzinunua leo hii hii.

Nimefikiri kwanza kama habari hii si ile yangu. Haiwezi kuwa. Yangu niliianzisha stendi, na haikuwa na nyusi. Hii imetoka Kirando.

Alhamisi, 11 Julai

Nimepata betri. Muuzaji anaitwa Yoramu, ameshuka na basi la Tunduma akiwa nazo mbili. Ni mtu wa kwetu Tukuyu. Tumesalimiana kwa Kinyakyusa, tumetajiana koo, tumegundua shangazi yake aliwahi kusali kanisa moja na mjomba wangu. Betri za lori, kubwa kuliko zile za misheni. Zinang'aa. Ni mpya kiasi kwamba rangi bado haijakauka. Vidole vyangu vimekuwa vyeusi mpaka sasa.

Romani alipita akaomba azipime asidi. Nikamzuia. Huwezi kupima betri ya ndugu yako mbele yake kama vile unapima maziwa yaliyotiwa maji. Romani akasema, "Basi funga hata ile swichi." Nikamwambia betri kubwa namna hii hazina haja ya kunyonya kwa jirani.

Yoramu hakukaa kunywa chai. Alikuwa na haraka ya kuwahi basi la kurudi.

Jumapili, 14 Julai

Nimeijaribu friji. Niliweka soda sita baada ya ibada, nikazitoa baada ya saa moja. Baridi ya kuuma meno. Nikamwita Violeth aje aone. Akagusa chupa. Akatoka, akarudi na chupa iliyokuwa imeshinda mezani uani. Akaniwekea zote mbili mashavuni.

Ya uani ilikuwa baridi zaidi.

Nimemweleza kuwa huo ni mwezi wa Julai wa Sumbawanga, haihusiani. Akasema ndicho anachojaribu kuniambia.

Ijumaa, 19 Julai

Naandika haya tukiwa Muze. Tumeshuka mteremko wote salama, mimi nikiwa na breki, Violeth akiwa na sala. Kreti kumi za soda nyuma. Friji inanguruma vizuri. Joto la hapa halina mchezo. Nilikuja na sweta mbili, zote nimevua.

Mzee Bundala ametupokea kwa heshima kubwa. Violeth amempigia goti, shikamoo, naye akamwita mwanangu. Amewazungusha watu kwenye gari mara tatu, akiwaonyesha sinki. Wakwe wanafika kesho saa nne. Amewaambia watakunywa soda inayotoa moshi wa baridi. Maneno hayo sikumpa mimi. Ingawa sikuyakanusha.

Jumapili, 21 Julai

Nimerudi nyumbani. Naandika mambo kama yalivyotokea.

Jana saa mbili asubuhi friji ilinguruma, ikakohoa, ikanyamaza. Nikawasha taa. Ikatoa mwanga kama wa kijiti cha kiberiti, kisha basi. Nikasema injini itazichaji. Nikazungusha ufunguo. Tik. Nikazungusha tena. Hata tik haikuja. Friji ilikuwa imenyonya zote tatu.

Nikafungua chupa moja. Ilikuwa ya moto, ungeweza kutia sukari na majani ukaiita chai.

Saa nne wakwe wakafika, wazee kwa mabinti, watu sitini, wamevaa vizuri, wana vumbi na kiu. Mimi nikaingia chini ya kitanda kukagua betri. Niliona ni vizuri kukagua kwa makini. Kwa kidole nikakwangua rangi ya Yoramu. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, na chini ya hiyo kutu.

Nikiwa huko nikasikia sauti ya Violeth nje. Hakuzungusha maneno. Alisema, "Baba, soda zimechemka na gari halitawaka. Mume wangu alinunua betri mbovu. Nimeona nikuambie mapema, kabla hujawaita wakwe waje kunywa."

Nilihesabu misumari ya kitanda. Kisha Mzee Bundala akauliza, "Na yeye yuko wapi?"

"Chini ya kitanda, baba."

Nilitoka. Hakuna njia ya heshima ya kutoka chini ya kitanda. Yule mzee alikuwa amesimama na fimbo yake, uso umemshuka. Alisema taratibu kwamba miaka kumi amekaa Rukwa akisikia watu wakisema Wasukuma wanajua ng'ombe tu. Leo alitaka waone kingine. Ilikuwa mara ya kwanza katika safari yote kutamani ningekuwa mtu mwingine.

Ndipo pikapu ya Sebastiani ikaingia. Alikuwa amekuja gulioni kuuza soda. Nyuma kuna friji, na pembeni ya friji, zimefungwa kwa kamba, betri mbili za misheni. Soda zake zilikuwa zinatoka jasho. Mzee Bundala alinunua zote, na wakwe wakanywa wakifumba macho.

Sebastiani akanijia akitabasamu. Akasema ananishukuru. Maneno niliyompa Fortunata yaliwakimbiza wanunuzi wote, Bruda akampunguzia bei. Akasema yuko tayari kuniazima betri moja niwashe injini.

Nikamwambia siwezi kutumia betri iliyomuunguza mlinzi nyusi.

"Yule mlinzi ni shemeji yangu," akasema. "Tumekula naye ugali juzi. Nyusi anazo zote."

Bado nilikataa. Mtu lazima awe na msimamo.

Mzee Bundala hakutungoja. Aliwaita wanawe kwa Kisukuma. Baada ya muda mfupi wakaja maksai wanane wa kulimia, wawiliwawili, na minyororo. Wakafungwa mbele ya gari-nyumba. Mzee mwenyewe akashika fimbo. Debora akapanda, akakaa dirishani karibu na sinki, shela inapepea. Mimi niliwekwa kwenye usukani kwa ajili ya breki.

Tulikwenda hivyo kutoka mwisho mmoja wa Muze hadi mwingine, mwendo wa saa nzima mchangani. Gulio zima liliacha kuuza. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikakauka. Mzee mmoja upande wa wakwe alilia waziwazi, akasema ameona magari mengi ya harusi lakini hajaona lenye nguvu za ng'ombe wanane. Mzee Bundala alitangulia kifua mbele kama mtu aliyepanga hivyo tangu mwanzo.

Alitimiza ahadi ya mtamba. Alimkabidhi kamba Violeth, akasema ni wa mtu aliyemwambia ukweli mapema.

Kupanda mlima kurudi tulivutwa na lori la mahindi, malipo yakiwa zile kreti za soda. Violeth alikaa na dereva.

Jumatano, 24 Julai

Nimetafakari kwa utulivu siku tatu nzima, na nimeona kosa liko wapi. Kosa ni betri zenyewe. Betri ni kitu cha kuisha.

Romani amekuja kusema anasafiri Mbeya wiki ijayo, anaweza kuniletea betri zinazofaa, na swichi. Nimemshukuru. Nimemwambia nimeshavuka huko.

Asubuhi nimekutana na bwana mmoja stendi, ana jenereta ndogo, safi, imefungwa kwenye gunia. Anasema inanusa tu petroli, hainywi. Niliomba aiwashe. Akaniambia haiwashi mpaka iwe imenunuliwa, ili isichoke bure mikononi mwa watu wasio na nia. Nimependa hilo. Mtu anayetunza chombo namna hiyo hawezi kuwa mwongo.

Sikuwa na fedha taslimu, lakini hakuwa mgumu. Tumebadilishana: yeye amechukua friji, mimi nimechukua jenereta. Aliing'oa mwenyewe, hata misumari hakuacha.

Violeth bado yuko kazini. Jioni nitampa habari njema. Sasa nina umeme wa kuendesha friji hata mwezi mzima. Kilichobaki ni kutafuta soda.