Uzinduzi wa Ukumbi wa Ladha ya Muziki kwa Ajira ya Wasomi

Mheshimiwa Gavana wa Mkoa, uliyewakilishwa hapa na shada lako la maua la ghorofa tatu, Mheshimiwa Mbunge, ambaye shada lako ni la ghorofa mbili lakini utepe wake ni mrefu zaidi, Mkuu wa Chuo Kikuu chetu cha Daeyul, Mwenyekiti wa Chama cha Wazazi, makamu wake, na makamu aliyemtangulia, ambaye nimeambiwa hataki kusahaulika, wahadhiri, wahitimu, ninyi mnaoahirisha kuhitimu kwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa sababu kampuni humpenda mwanafunzi kuliko mhitimu aliyekaa nyumbani, wanahabari wote wawili, mabibi na mabwana: mimi, Maeng Ki-bok, Naibu Katibu Mtendaji wa Kamati Mtambuka ya Uratibu wa Ajira kwa Vijana Wasomi, nasimama mbele yenu nikiwa mnyenyekevu kuliko viongozi wote wa ngazi yangu. (Makofi. Sauti kutoka nyuma: “Hiyo maikrofoni inazimwa wapi?”)

Ndugu wajumbe, tatizo la ajira kwa wasomi wetu limefanyiwa upembuzi yakinifu na ofisi yangu, na ofisi yangu imebaini kwamba tatizo si uhaba wa kazi, kwa maana kazi haziko chini ya ofisi yangu, bali ni ladha ya muziki, kwani kila chumba cha usaili katika mkoa huu kina swali lile lile la kumlegeza kijana, “Wewe unasikiliza muziki gani?”, na kijana wetu, akiwa na suti ya kuazima na alama nzuri za Kiingereza, anataja kundi la wapiga magitaa wenye kucha nyeusi, mbele ya jopo la wazee watano ambao wote, narudia, wote, wanasikiliza trot, nyimbo zile za mama zetu, za mapenzi, machozi na bandari. Tulituma dodoso kwa wahitimu mia sita na arobaini. Tisa walijibu. Kati ya hao tisa, sita walikiri kwamba ladha yao imebadilika, ambayo ni asilimia sitini na sita nukta saba, na kati ya hao sita mmoja ameshaajiriwa, tena na mimi mwenyewe, kwa wiki mbili, ili awahesabu hao tisa. (Makofi machache. Mhadhiri mmoja wa takwimu anatoka nje.)

Ndipo ikazaliwa dira hii, yaani Ukumbi wa Ladha, wenye viti themanini, spika kumi na sita, na nafasi kumi na mbili za kudumu za Washauri wa Ladha, watakaowasikilizisha wenzao trot kwa utaratibu, kwa tija na kwa kuzingatia jinsia, na hao kumi na wawili tuliwapa barua zao tangu mwezi wa tatu, barua zenye mhuri, na wengine wakalia kwa furaha, na mimi nikalia nao, kwa sababu… naam, naona mkono. Binti, hotuba haina kipengele cha maswali.

(Msichana amesimama katikati ya ukumbi. “Samahani, Mheshimiwa. Mimi ni Tak Ha-rim, namba nne kwenye hao kumi na wawili. Barua yako ninayo hapa. Kiwanda cha kufungasha mwani kule Seolpo nacho kimenipa kazi, kinataka jibu leo kabla ya saa sita mchana. Sasa ni saa tano na nusu. Nauliza tu: hii kazi yako ipo, au haipo?”)

Swali zuri, binti yangu, na swali zuri halijibiwi kwa haraka. Kwanza waambie wajumbe: ladha yako ya muziki imebadilika, haijabadilika?

(“Imebadilika. Mwaka wa kwanza nilipenda magitaa ya kelele. Mwaka wa tatu nikapenda wale wanaoimba polepole kama wana homa. Sasa nasikiliza trot.” Makofi. “Ngojeni kwanza. Si kwa dodoso lenu. Nauza keki za kokwa za jozi kwenye kituo cha mapumziko cha barabara kuu, spika iko juu ya kichwa changu, trot saa nane kwa siku. Mwanzoni nilitaka kuipasua. Siku moja mwimbaji mmoja akaimba kwamba bado anaosha viatu vya mtu asiyerudi, nikamkumbuka mama, keki zikaungua. Hizo za kelele zinataka mtu mwenye hasira na nafasi. Hasira ninayo.” Kicheko kirefu.)

Mmesikia wenyewe! Asilimia mia moja ya waliohojiwa leo! Andika hapo, mwanahabari.

(“Mheshimiwa, kazi ipo?”)

Kazi ipo katika hatua za awali za kuwepo.

(“Basi naomba kuuona ukumbi. Hata mlango tu.”)

Ukumbi ni ule pale, nyuma ya pazia, chini ya kibao kilichofunikwa kitambaa cheupe. (Ha-rim anapita kati ya mashada, anainua pazia, anachungulia. “Mheshimiwa, huku ni ukuta.”) Naam, ukuta! Kila ukumbi huanza na ukuta. Ningewaletea ukumbi usio na ukuta mngelalamika zaidi. (Sauti: “Dada, piga simu hiyo, muda unakwenda!”)

Vijana wa leo hamna subira. Mimi, wajumbe, sikulelewa na mtu. Umri wa binti huyu nilibeba makaa ya mawe mgongoni, ngazi mia mbili na kumi na saba kwenda na mia mbili na kumi na saba kurudi, na hakuna mzee hata mmoja aliyeniuliza nasikiliza muziki gani, na hata leo hakuna anayeniuliza, na wanaosema kwamba niliingia ofisini kwa mgongo wa shemeji wajue kwamba shemeji aliingia siku tatu baada yangu. (Makofi ya mtu mmoja. Ni shemeji.) Binti, kiambie hicho kiwanda kisubiri robo ya mwaka, au mbili, kwa kuwa mchakato…

(Ha-rim ameshika simu sikioni, amesimama palepale chini ya kibao. “Haloo? Ndiyo, ni Tak Ha-rim. Nakuja. Jumatatu, zamu ya asubuhi, sawa. Hapana, chuo nimemaliza, safari hii siahirishi tena. Samahani, swali moja: huko ndani kuna redio?” Anasikiliza. Anatabasamu kidogo. Anaiweka barua yenye mhuri juu ya shada la Gavana, anatoka. Makofi makubwa kuliko yote ya siku hii.)

Asanteni, asanteni! Mmeshuhudia kwa macho yenu, wajumbe: mradi una dakika arobaini na tayari umetoa mwajiriwa! Katibu, andika: aliyehudumiwa mmoja, aliyefaulu mmoja, asilimia mia moja. Sasa semeni nami: Ladha kwanza! (“…kwanza.”) Ajira nyuma yake! (“Nyuma sana!”)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru mchoraji wa kibao, kwa kazi safi, na mwenye jengo kwa kutuazima ukuta wake mpaka saa nane mchana. Namshukuru Bi. Ye wa masjala, aliyenikumbusha asubuhi ya leo kwamba lile ombi la kujenga ukumbi na kuajiri watu kumi na wawili halijawahi kutumwa popote, bado liko mezani kwangu, na ndilo nililogeuza upande wa pili nikaandika hotuba hii. Na kwa namna ya pekee nawashukuru ninyi kumi na mmoja mliobaki, ambao mmelipandisha jina la chuo chetu: hesabu ya walioajiriwa ilifungwa jana na nyote mmo ndani kwa zile barua zenu, na kwa kuwa bweni mnamokaa ni la wasio na kazi, mnaombwa kurudisha funguo kabla ya Ijumaa.