Kiwanja cha Tiwi na Kahawa ya Mwezi Mzima

Jumatatu, 4 Agosti

Nimejiunga! Leo asubuhi, mke wangu Twaiba alipokuwa sokoni. Mkahawa wa Zumaridi, wale wenye matawi Nairobi na Mombasa, wamefungua Diani, na wana kitu kinaitwa uanachama wa kahawa. Unalipa mara moja kwa simu, unakunywa mwezi mzima, kikombe kimoja kila baada ya saa mbili. Bei yake ni sawa na vikombe kumi na viwili. Cha kumi na tatu ni bure. Cha kumi na nne ni bure. Unaendelea hivyo hivyo mpaka mwezi uishe au roho itoke. Hesabu hii hata mtoto wa chuoni anaijua.

Lakini mimi sikujiunga kwa ajili ya kahawa. Mimi ni dalali wa viwanja, na dalali anahitaji ofisi. Miaka miwili sasa ofisi yangu ni benchi la Kombe muuza kahawa, nyuma ya steji ya matatu ya Ukunda. Pale nabanwa ubavu na Abdulrahim, dalali mwenzangu, ambaye husikiliza kila ninalosema kwenye simu kisha akaniwahi. Kuanzia leo nina kiti chenye mto, kiyoyozi, waifai, na choo chenye sabuni. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Mimi nimepata njia ya mkato: nachumia kivulini.

Twaiba alijua kabla ya adhuhuri. Sijui nani alimwambia. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alisema tu kwamba katika miaka miwili sijauza hata kaburi. Basi nikiuza kile kiwanja cha Bi Mwanarusi kule Tiwi kabla ya mwezi kwisha, nabaki dalali. Nisipouza, nakwenda Kikoneni kwa kaka yake Boga, kulinda machungwa yasiliwe na nyani. Boga ameshatayarisha kitanda. Na manati!

Siendi Kikoneni. Wallahi siendi.

Jumanne, 5 Agosti

Siku ya kwanza ofisini. Nimevaa viatu vya kufunga kamba.

Kahawa yao ina povu, na juu ya povu wamechora jani. Sikujua kama jani lile huliwa au hutazamwa. Nimelitazama. Anayehudumia ni msichana wa bara, jina lake Kavumbi, na ananiita bosi. Ukunda nzima hakuna aliyewahi kuniita bosi. Peke yake hilo ni thamani ya vikombe vitatu.

Nimempigia simu Kaingu, mfanyabiashara wa ng'ombe wa Kinango, ambaye kiangazi kimemchosha na sasa anatafuta kiwanja karibu na bahari. Nikamwambia niko ofisini. Akauliza ofisi gani. Nikamwambia ile yenye baridi. Nikasikia ng'ombe wakilia nyuma yake, kisha akasema atakuja Jumamosi baada ya alasiri tuyazungumze.

Jumamosi! Nimekunywa vikombe vinne kwa furaha. Moyo unapiga ngoma ya harusi. Twaiba ameniuliza kwa nini nahesabu mabati ya paa badala ya kulala.

Jumatano, 6 Agosti

Tatizo dogo.

Nilikaa barazani kwa sababu waifai inashika vizuri zaidi. Akapita Luqman, fundi simu. Nilikuwa nimeshika kikombe mkononi, nikasema karibu. Ningefanya nini? Binadamu gani anainua kikombe mbele ya mtu akakaa kimya? Mama angefufuka anichape. Na kila mtu aliyelelewa anajua jibu lake: unasema ahsante, starehe, unakwenda zako. Dunia imekaa hivyo tangu kuumbwa kahawa.

Luqman alikaa. Akaagiza ile yenye maziwa, na kitafunwa kilichojipinda kama mwezi mchanga. Nikamwonyesha Kavumbi uanachama wangu kwenye simu. Akasema ule ni wa kwangu mimi, mgeni hulipiwa. Nikalipa.

Nadhani Luqman amewaambia watu. Baada ya adhuhuri wamepita wengi sana ambao hawana shughuli yoyote Diani. Mpaka alasiri nilikuwa nimelipia kahawa za watu wanne. Lakini kahawa zangu mwenyewe zote zilikuwa za uanachama! Lazima niangalie upande huo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mbinu mpya. Nimehamia ndani, nikageukia ukuta. Nisipowaona, sitawakaribisha, na hakuna dhambi.

Sauti ikatoka nyuma: shikamoo. Mkwe wa jirani yetu. Nikageuka kuitikia marahaba, kikombe kikageuka nami, ulimi ukanitangulia. Karibu! Amekaa, na amekuja na mamake.

Mbinu ya pili: kunywa haraka kabla hajatokea mtu. Nimeungua ulimi. Kaingu akapiga simu wakati uleule kuhakikisha Jumamosi, nami nikajibu kwa ulimi uliovimba. Akadhani nalia. Akanipa pole ya msiba. Nikaipokea, kwa kuwa kueleza kungechukua muda.

Magharibi nimepita kwa Kombe, kwa salamu tu. Kombe hakuuliza kitu. Alinimiminia finjani ya kahawa chungu kama kawaida yake, akaweka kashata juu ya kisahani, akaniambia nafasi yangu bado ipo ila Abdulrahim ameanza kuweka mkoba wake hapo. Kisha akasema jamaa mmoja wa Kinango alipita kuulizia mambo ya Tiwi, na kwamba hawa watu ningewaleta pale benchini tu, wakae, wanywe, waone nyuso. Nikamwambia siku hizi biashara haifanywi kwenye benchi. Akasema sawa. Kombe ni mtu mzuri, lakini dunia inamwacha nyuma.

Ijumaa, 8 Agosti

Baada ya sala, Abdulrahim ameniuliza mbele ya watu kama ni kweli siku hizi nalipa ili niruhusiwe kukaa kitako. Watu wakacheka. Nikamwambia atacheka mpaka Jumamosi. Akauliza Jumamosi kuna nini. Nikafunga mdomo, lakini naona nilichelewa.

Usiniulize kwa nini nilisema. Nilikuwa nimekasirika.

Nyumbani nimemkuta Twaiba anapiga pasi shati langu jeupe bila kuombwa. Akasema, bila kunitazama, kwamba Kikoneni ni mbali, na nyumba itakuwa kimya. Nimefurahi, na nimeogopa kuliko siku zote. Lazima kiwanja kiuzwe.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika nikiwa nimekaa jikoni.

Kaingu alifika kwa wakati. Hakufika peke yake. Nani ananunua ardhi peke yake? Mimi nimezaliwa Kwale, na jambo hili nilijua tangu sijaota meno: ardhi ni ya ukoo, huzungumzwa na ukoo. Alikuja na kaka zake wawili, wazee wawili wa kushuhudia, na mjomba wake mwenye bakora, ambaye ndiye hasa atakayesema ndiyo au la. Watu sita. Nikasimama mlangoni, mikono nimeifungua, nikasema karibuni, karibuni sana! Mgeni njoo mwenyeji apone!

Wakakaa. Wakanitazama. Mfukoni sikuwa na kitu, Luqman na wenzake wamekwisha kunimaliza. Nilichokuwa nacho ni kikombe kimoja kwenye simu.

Hapo likanijia wazo, na mpaka sasa naona lilikuwa zuri. Kwa Kombe dele la kahawa ni moja na wanywaji ni kumi. Kahawa hugawanywa! Nikamwita Kavumbi, nikaagiza kikombe changu, kile kikubwa kabisa, na finjani saba tupu. Akaniuliza tupu kivipi. Nikamwambia tupu kabisa. Akaleta vikombe vidogo vya mchuzi, kwa kuwa finjani hawana.

Nikaanza kumimina kuanzia kulia, kama tulivyofunzwa. Kaka wa kwanza akapata. Kaka wa pili akapata. Kaingu akapata. Mzee mmoja akapata nusu. Wa pili akapata robo. Mjomba alikuwa amekaa kushoto kwangu kabisa.

Mjomba akapata povu.

Mtu mzima wa kwanza kwa heshima, na wa mwisho kwa kikombe! Nililiona kosa mkono ukiwa bado hewani. Akalitazama povu lile. Ndani yake kulikuwa na kipande cha jani.

Nikasema wasiwe na wasiwasi, cha pili kinakuja. Kaingu akauliza lini. Nikaangalia simu, nikamwambia baada ya saa mbili, inshallah.

Nikaona nijaze muda kwa maelezo. Kiwanja kina minazi, kisima hakina chumvi, bahari unaisikia. Nilikuwa nasema vizuri sana. Kisha Kavumbi akarudi na msimamizi wake nyuma. Alinong'ona, maskini, lakini kiyoyozi kilikuwa kimetulia na kila mtu akasikia: "Bosi, hii ni ya msee mmoja. Sistimu imekufungia."

Msimamizi akaongeza kwa adabu kwamba kugawa kahawa ya uanachama ni kinyume cha masharti. Mjomba akamuuliza, kwa upole kabisa, kama amesikia sawasawa: kwamba katika nyumba hii mtu akimpa mwenzake kahawa anaadhibiwa. Msimamizi akasema ndiyo, kwa maana hiyo. Mjomba akashika bakora yake, akasimama. Akaniambia ahsante mwanangu, tumeshiba.

Hakuna aliyeshiba.

Wametoka kutafuta kahawa. Na Ukunda mtu akitafuta kahawa miguu humpeleka kwa Kombe. Huko Abdulrahim alikuwa amekaa tangu adhuhuri akiwangoja, kwa sababu Jumamosi niliitaja mimi mwenyewe, na habari za Tiwi alishazisikia pale benchini. Amenunua dele zima. Kombe amemmiminia mjomba kwanza.

Jumapili, 10 Agosti

Wamekwenda Tiwi asubuhi, wote sita na Abdulrahim. Bi Mwanarusi amekubali. Wamesomewa dua. Kiwanja kimekwenda.

Nimekwenda kwa Kombe kumlaumu. Nikamwambia angalau angemchelewesha mjomba. Akasema yeye ni muuza kahawa, mtu akikaa anammiminia, hawezi kumuuliza kwanza ni mteja wa nani. Kisha akanimiminia na mimi. Nikanywa. Ilikuwa tamu mpaka machozi yakanilenga, nikasingizia moshi wa makaa.

Twaiba amefungasha nguo zangu mwenyewe. Hakusema "nilikuambia". Amekunja lile shati jeupe akaliweka juu, akasema huwezi kujua, labda nyani nao wana heshima zao. Tumecheka wote wawili, kisha akaingia chumbani akafunga mlango. Ningetoa meno yangu yote kusikia akinigombeza.

Jumamosi, 30 Agosti

Kikoneni. Machungwa. Nyani.

Shemeji Boga hana ubaya. Ananipa chakula, ananipa kofia, anaamini nafanya kazi. Jana asubuhi nilikuwa nimekaa chini ya mchungwa nakula muhogo wa kuchemsha, akatokea nyani dume, mkubwa, akasimama hatua chache mbele yangu akinitazama mdomoni. Muhogo ulikuwa njiani. Ulimi ukanitangulia.

Karibu, nikasema.

Hakusema starehe. Alikuja, na ukoo wake wote nyuma, kaka, wazee, mjomba. Boga amehesabu miti waliyoimaliza, kisha akaihesabu tena.

Lakini leo kuna nuru. Nimepanda mpaka juu ya kilima ambako simu inashika, nikakuta ujumbe wa Zumaridi. Kifungo changu kimeondolewa! Zaidi ya hapo, wana uanachama mpya wa jamaa. Watu saba kwa simu moja. Kaingu, kaka wawili, wazee wawili, mjomba, na mimi: saba kamili! Ndio ugonjwa wangu wote na dawa yake. Ukilipa wa mwaka mzima kabla ya usiku wa leo, bei ni nusu. Wahenga walisema ukupigao ndio ukufunzao. Mimi nimepigwa barabara, na nimefunzwa: kosa langu lilikuwa kununua kidogo.

Boga alikuwa amenilipa jana jioni, pamoja na yote ya nyani. Nimelipa papo hapo juu ya kilima.

Kutoka hapa mpaka Diani ni safari ya nusu siku, najua. Ila kuna mzee hapa anataka kuuza shamba la mikorosho, na kuna mnunuzi Msambweni. Wote wawili wanakaa karibu, wangeweza kuonana hapa hapa kwa matatu moja. Nimewaambia hapana, tukutane ofisini kwangu Diani, Jumamosi ijayo, na waje na jamaa zao wote.

Mzee amesema atakuja na kumi na wanne. Nimemwambia karibuni.